Jina Juu ya Makala

Ilianza kwa harufu ya maua ya langilangi, ndani ya ofisi ambayo madirisha yake hayafunguki.

Iakopo Tuiasau alisimamia jukwaa la blogu la chuo kikuu pale mjini Apia. Tovuti zaidi ya mia tisa, za walimu na wanafunzi, zilikuwa chini ya mkono wake. Jumatatu hiyo Mele, mwenzake wa meza ya pili, alinusa hewani akacheka.

"We Iakopo, unaoa? Umejipaka mafuta ya bibi harusi?"

"Si mimi."

"Basi nani? Mimi leo nimeogea sabuni ya kufulia."

Iakopo aliinamia kompyuta yake. Alijua ni mafuta ya nani. Jina lake naliandika kamili, maana mwenyewe angetaka hivyo: Fuatino Salanoa. Kwa miaka sita mwanamke huyo aliandika katika blogu yake dawa za miti alizofundishwa na wazee wa kisiwa cha Savai'i, makala mia mbili na kumi na mawili, kila mzee kwa jina lake, bila kukosea herufi. Alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita.

Baada ya mazishi Iakopo aliifuta akaunti yake, kama kanuni ilivyotaka. Mfumo ukauliza swali lake la siku zote: maandishi ya mtu huyu yafutwe, au apewe nani? Akachagua jina lake mwenyewe. Mara moja makala yote yakasomeka: Imeandikwa na Iakopo Tuiasau. Kwa makala hayo aliomba kazi ya uhadhiri, na usaili ulikuwa Ijumaa.

Sasa alipoifungua blogu, kila makala yalisomeka: Imeandikwa na Fuatino Salanoa. Akasahihisha. Jina lake likatoweka tena. Jumanne picha ya Iakopo katika ukurasa wa wafanyakazi ilikuwa na jina la marehemu chini yake.

"Mzaha gani huu?" Mele alinong'ona. "Unamchezea maiti?"

Alhamisi mchana, Mele akiwa ameenda kula, Iakopo alisikia vidole vikibonyeza herufi kwenye meza ya pili, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea jina, na harufu ile ikamjaa kooni mpaka akakohoa, na kwenye kioo cha kompyuta yake mwenyewe, ambacho hakuwa amekigusa, maneno yakajipanga moja baada ya jingine: Iakopo Tuiasau. Yafutwe, au apewe nani? Kabla hajanyoosha mkono, jibu likajichagua.

Alikimbia nyumbani. Mama yake aliacha kusuka mkeka, akamtazama usoni.

"Mwanangu," alisema, "mwanangu… jina lako nani vile?"

Iakopo akaanguka miguuni pake, akaeleza yote. Mama akafungua sanduku, akatoa mkeka mwororo wa ukoo, ule wa kuombea radhi.

"Twende kwa akina Salanoa alfajiri," alisema kwa sauti ya chini, "kabla sijausahau na uso wako."

Ijumaa, kabla ya jua kuchomoza, Iakopo alipiga magoti mbele ya nyumba ya Taligalu, mama yake Fuatino, akiwa amefunikwa mkeka kichwani na mama yake mwenyewe, aliyesimama nyuma. Mkosaji hukaa hivyo mpaka mwenye nyumba aufunue kwa mkono wake, au ampige.

"Nimeiba jina la binti yako," alisema gizani mle. "Nalirudisha. Nirudishiwe langu."

Jua likapanda, magoti yakafa ganzi, na chini ya mkeka langilangi ikazidi, sasa ikitoka kwenye ngozi yake mwenyewe, kwenye nywele, kwenye pumzi. Kisha mkeka ukafunuliwa. Taligalu alikuwa akilia huku anatabasamu.

"Inuka, Fuatino. Mbona umekawia hivi, mwanangu?"

Iakopo aligeuka kumtafuta mama yake. Mama alikuwa barabarani, akirudi nyumbani mikono mitupu, bila haraka, kama mtu aliyesahau kilichomtoa. Iakopo akafungua mdomo amwite, ajitaje.

Jina lililotoka halikuwa na kosa hata la herufi moja.

"Fuatino Salanoa," alisema.