Kichwa Kilichokatwa Bado Kinauma

Kila asubuhi, kabla jua la Sonora, kaskazini mwa Meksiko, halijawa kali, Eduviges huoka mikate myembamba ya ngano. Mumewe, Nabor, hukamua mbuzi. Mama mkwe wake, Soledad, hukaa mlangoni akichambua maharage na kumsema kila anayepita.

Asubuhi moja ya Agosti, Eduviges alikwenda kuchukua kuni kwenye rundo lililoegemea ukuta wa jiko. Alipoinama, alisikia sauti kama mbegu kavu zikitikiswa ndani ya kibuyu. Nyoka wa njuga alikuwa amejikunja kati ya magogo. Mkia wake ulisimama, ukitetemeka.

Eduviges alirudi nyuma, akamwita mumewe. Nabor alikuja na sepetu. Alikuwa ameua nyoka wengi na alijivunia hilo. Akamkata huyu kichwa kwa pigo moja. Kisha akaokota kile kichwa akitupe, mbwa asije akakila. Kichwa kikafunua kinywa, kikamuuma kidole.

"Kimeniuma," Nabor alisema, kama mtu asiyeamini maneno yake mwenyewe. "Nyoka amekufa, na bado kichwa kimeniuma."

Soledad alikimbilia kisu. Alitaka kuchanja jeraha na kufyonza sumu, kama alivyofanya baba yake zamani. Akamwagiza Eduviges alete mshipi wa kufunga mkono, na pombe kali. Eduviges hakuleta chochote. Alikimbia kwa jirani yao Casimira, muuguzi wa zahanati.

Casimira alifika akakichukua kisu mkononi mwa Soledad.

"Bibi, mwanao anahitaji gari, si kisu."

Alimketisha Nabor, akamvua pete kabla kidole hakijavimba. Akaandika saa aliyoumwa. Huku akifanya kazi alieleza kwamba kuchanja kunaongeza jeraha tu, kufyonza hakutoi sumu, na kufunga mkono kunaweza kuuharibu kabisa. Pombe nayo hudhuru. Dawa ya sumu iko hospitali, na mgonjwa atulie, asitembee.

"Lakini baba yangu aliponya watu," Soledad alisema.

"Nyoka huyu mara nyingine huuma bila kutia sumu. Hao walikuwa na bahati, bibi."

Walimbeba Nabor hadi kwenye pikapu. Safari ilichukua saa moja na nusu. Walipofika mjini, mkono ulikuwa umevimba hadi kiwikoni, na midomo yake ilikuwa ikifa ganzi. Hospitali walimtundikia dawa, chupa baada ya chupa. Siku ya tano alirudi nyumbani na kidole kigumu na hasira nyingi. Aliapa kuwamaliza nyoka wote wa bonde lile.

Casimira alimsikiliza mpaka akachoka.

"Alikuonya," alimwambia. "Nyoka gani mwingine anapiga hodi kabla ya kuuma?"

Akamweleza kwamba nyoka huyo hula panya wanaomaliza mahindi ghalani. Gizani huhisi joto la panya kwa vishimo viwili vilivyo karibu na macho yake. Alimsifu kama mtu anavyomsifu fundi hodari. Lakini akaonya kwamba si kila mara hutikisa njuga. Kwa hiyo macho yatangulie, mkono na mguu vifuate.

Nabor alihamisha rundo la kuni mbali na nyumba. Akafyeka nyasi, akaziba tundu chini ya mlango. Eduviges sasa hugeuza kila gogo kwa fimbo ndefu kabla ya kulishika. Hata Soledad alinunuliwa buti. Alilalamika wiki nzima, kisha akakataa kuzivua.

Mwezi wa Oktoba, Nabor na mama yake walikuwa wakienda kwenye birika la kunyweshea mbuzi. Njuga ikalia mbele yao. Nabor alisimama. Akamshika mama yake mkono, wakarudi nyuma taratibu, hatua baada ya hatua.

Nyoka alijikunjua. Alikuwa mnene kama mkono wa mtu mzima, na mgongoni alikuwa na mapambo ya kahawia yaliyopangwa kama kitambaa kilichofumwa. Akaanza kuvuka njia mbele yao bila haraka.

Soledad alikuwa hajawahi kumtazama nyoka aliye hai kwa muda mrefu hivyo.

"Kumbe ni mzuri," alinong'ona, akainua mguu aendelee na safari.

"Ngoja, mama," Nabor alisema. "Mkia haujapita."