Ute Ndani ya Katriji

Kila Alhamisi, Dilnavoz alipotoka shule, hata viatu alikuwa hajavua vizuri, sauti ya mama yake ilimfikia kutoka jikoni: "Dili! Katriji zinakungoja!"

Mama Mastura alikuwa mwoka keki, na mtaani kwao, katika mji wa Kokand, hapakuwa na asiyemjua. Juu ya keki zake aliweka picha ya mwenye sherehe, iliyochapwa kwa printa kwenye karatasi ya sukari, kwa wino wa kuliwa. Watu walipenda sana. Bibi harusi mmoja alikula sikio la mumewe pichani huku ukumbi mzima ukicheka.

Lakini wino wa kuliwa una sukari. Ukikaa huganda, na ukiganda huvunda. Kwa hiyo kila wiki katriji nne, vile vikasha vya wino, zilitolewa kwenye printa na kusukumiwa maji ya moto kwa bomba la sindano mpaka yatoke meupe kama ya kunywa. Baada ya hapo zilikaushwa, ndipo zikajazwa tena. Kazi hiyo ilikuwa ya Dilnavoz, naye aliichukia kama mtu anavyochukia unywele ndani ya supu. Alipovuta maji kulitoka kitu kizito chenye utelezi, kama makamasi ya mtoto mwenye mafua, kikimnata vidoleni. Harufu yake ilikuwa ya juisi iliyosahaulika wiki nzima kwenye jua.

"Unanuka kama soksi iliyozikwa ikafukuliwa," kaka yake Bahrom alimtania. Bahrom naye alikuwa na kibanda chake barazani, akijaza katriji za ofisi za majirani, zile za wino wa kawaida.

"Nuka wewe!" Dilnavoz alijibu, akakimbilia sabuni.

Siku moja akaona njia. Aliziacha katriji zilivyo, akachovya ncha za vidole kwenye kifuniko cha chupa ya wino, akaenda jikoni kunawa mbele ya mama yake.

"Umeosha?"

"Nimeosha, mama. Si unaona mikono?"

"Mwanangu huyo," mama alisema, akampa kipande cha mkate wa moto. Mkate ukashuka vizuri tu. Alhamisi iliyofuata alifanya vilevile, na ya tatu pia.

Jumamosi ya wiki ile ya tatu kulikuwa na kazi kubwa. Bibi Hursanoy, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa anatimiza miaka themanini. Wanawe walitaka keki yenye sura yake, na kitambaa chake cheupe kichwani. Mama alikuwa amezama kwenye krimu hadi viwiko.

"Dili, chapa picha. Saa sita wanakuja kuichukua."

Karatasi ya kwanza ilitoka na bibi mwenye milia, kama tikiti maji. Ya pili haikuwa na macho. Dilnavoz alichomoa katriji nyeusi, akafungua kizibo. Juu ya wino palikuwa na ngozi ya kijivu yenye vinyweleo, na chini yake ute mweusi ukining'inia kama kamba ya mate. Uvundo ulimpanda puani hadi machozi yakamtoka. Alijaribu maji ya moto. Ute ulicheza tu, haukutoka. Saa tano na nusu ikapiga.

Akatoka kwenda barazani. Bahrom alikuwa ameenda sokoni, lakini kwenye meza yake kulikuwa na chupa ya buluu, dawa ya kusafishia vioo. Dilnavoz alikuwa amemwona mara nyingi akiisukuma kwenye katriji za ofisi zilizoziba. "Hii ikiingia, uchafu wowote unasalimu amri," Bahrom alikuwa akisema. Akaivuta kwa bomba la sindano, akasukuma ndani ya katriji zote nne. Ute ukayeyuka, ukadondoka bonge kwa bonge kwenye beseni, naye akageuza uso asitapike. Kuosha tena mpaka maji yawe meupe kungechukua nusu saa, na nusu saa hakuwa nayo. Akajaza wino mpya juu ya dawa iliyobaki, akachapa.

Bibi Hursanoy akatoka mzima, hata mikunjo ya macho ilihesabika.

"Haya sasa!" mama alishangilia. "Mikono ya dhahabu hiyo!" Akailaza picha juu ya krimu, akakata kingo zilizozidi, na kama kawaida akampa Oydin, mdogo wao wa miaka mitano. Oydin akatia kipande kinywani.

Dilnavoz hakujua alifikaje pale. Vidole vyake vilikuwa tayari mdomoni mwa mtoto, vikikwangua. Oydin akapiga yowe.

"We! Umepagawa?" mama akamaka.

"Kilidondoka chini, mama. Kilikuwa na... na nywele."

Mama akatikisa kichwa, akafunga sanduku la keki. Saa sita keki ikachukuliwa. Dilnavoz alibaki akitazama mate ya mdogo wake vidoleni mwake, na kwa mara ya kwanza kilichomtia kinyaa hakikuwa ute. Alinawa mara tatu. Kinyaa hakikutoka.

Alasiri familia nzima ilialikwa kwa Bibi Hursanoy. Uani palijaa wanawake, pilau, zabibu na kelele. Mtaani kwao, chakula kilichoonjwa na mzee aliyefika umri ule huwa na baraka. Wajukuu hulishwa kutoka sahani yake, na kila mgeni hufungiwa kipande cha kupelekea watoto waliobaki nyumbani. Mabinti walikuwa wameshaandaa mifuko, mmoja juu ya mwingine. Dilnavoz akaitazama. Ile keki haitaliwa na watu kumi. Itaingia kila nyumba ya mtaa.

Bibi Hursanoy akashika kisu, akakata katikati ya paji la uso wake mwenyewe.

"Miaka themanini nimewalisha," akasema, "leo mnanila mimi!" Watu wakaangua kicheko. Chini ya picha krimu ilikuwa imegeuka rangi, buluu chafu kama jeraha la siku mbili. Bibi akachota kwa kijiko, akakipeleka kwanza kwa kitukuu aliyekuwa mapajani mwake, kinywa wazi kama kifaranga.

"Msimpe!" Dilnavoz alipiga kelele. "Bibi, tafadhali, msile! Nimetia dawa ya vioo!"

Mama Mastura aligeuka taratibu.

"Umesema nini?"

Dilnavoz akasema yote: vidole alivyovipaka, Alhamisi tatu, ngozi ya kijivu, chupa ya buluu. Alisema huku akitazama chini, na sauti yake ikikatika kila alipofika kwenye uongo.

"Na Oydin?" Uso wa mama ulikuwa mweupe.

"Nilikitoa chote, mama. Hakumeza."

"Aka! Na sisi tungekula!" mwanamke mmoja alisema, akajifuta midomo ingawa hakuwa amegusa kitu. Mwingine aliinuka kwenda kutema mate. Mama Mastura aliibeba keki kwa mikono miwili bila kumtazama mtu, akaipeleka nje ya lango, akaitumbukiza kwenye pipa la taka.

"Mama Hursanoy, nisamehe," alisema aliporudi. "Kosa ni langu pia. Nilitazama vidole vyake, sikutazama katriji. Katriji hizo nazitupa, nanunua mpya, na kesho nitaleta keki nyingine."

"Keki italiwa kesho. Kitukuu wangu je, ningempata wapi mwingine?" Bibi akakiweka kijiko chini, akamwita Dilnavoz. "Njoo hapa, usijifiche nyuma ya hilo birika kubwa la chai. Huo ute ulikutia kinyaa?"

"Sana, bibi."

"Ni haki yako. Kinyaa tumepewa kitulinde tusile uchafu. Mimi nimefua nepi za watoto saba kwa mikono hii, na kila mara nilikunja pua. Lakini nilifua. Wewe ulikilinda kidole chako, ukaona afadhali uchafu uingie matumboni mwetu. Hapo ndipo ulipokosea. Na ulipoufungua mdomo mbele ya watu wote hawa, hapo ulirudi kuwa mtoto wa mama yako. Kazi inayochukiza, mjukuu wangu, huwa inachukiza kwa sababu kuna mtu atakayeumia isipofanywa. Kunja pua, uifanye. Ukishindwa, sema umeshindwa."

Dilnavoz akaitikia kwa kichwa, machozi yakimdondokea kidevuni.

"Haya, futa hayo makamasi," Bibi akasema, "maana nayo yanatia kinyaa. Kisha tupitishie pilau."