Zamu ya Mikono Safi

Kila mchana, akishatoka darasani, Nyenje alikuwa na safari moja tu: kwenye bomba la maji nyuma ya karakana ya Mama Wino. Hapo alisugua viganja, akasugua katikati ya vidole, akachukua mswaki mkuukuu na kuingia nao chini ya kucha, moja baada ya nyingine. Akimaliza alisimama mlangoni mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Aligeuza mbele, akageuza nyuma, mpaka Mama Wino aseme, "Pita."

Jina la Nyenje alipewa kwa sababu, kama mdudu huyo, hanyamazi. Yeye na mwenzake wa darasani, kijana anayeitwa Jibu kwa kuwa kila kitu ana jibu lake hata kama hajaulizwa, walikuwa wamepelekwa na shule kujifunza kazi. Wengine walipelekwa kwa seremala, wengine kwa mshona viatu. Wao wawili waliangukia kwenye karakana hii ndogo ya kuchapa picha kwa mkono. Kilikuwa chumba kimoja, zamani cha kinyozi. Vioo vya kinyozi vilibaki ukutani, na Mama Wino alivitumia kusoma herufi alizozichonga kinyume kwenye ubao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ubao unapakwa wino kwa rola, unawekwa kwenye mashine, karatasi inalazwa juu yake, gurudumu kubwa la chuma linazungushwa, mashine inaguna, karatasi inafunuliwa, na picha hiyo hapo. Mmoja anashika wino na kuzungusha gurudumu, hagusi karatasi. Mwingine anashika karatasi, hagusi wino. Siku ya kwanza Mama Wino aliwatazama, akamnyooshea kidole Jibu.

"Wewe mikono michafu." Akamgeukia Nyenje. "Wewe mikono safi."

Imekwisha, hakuna rufaa.

Lo, Nyenje alivyolitamani lile gurudumu. Alilala nalo, akaamka nalo. Jibu alikuwa akitoka pale viganja vyeusi tii, anatembea barabarani mikono ameitenga na mwili kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizoonekana. Shuleni watoto walimzunguka.

"Hebu tuone. Haitoki?"

"Itoke iende wapi? Hii ya kazi."

Kisha mmoja wao alimgeukia Nyenje. "Na wewe huko unafanya nini, unafagia?"

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Nyenje hakumwambia mtu. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya kujenga barabara, na barabara ilikuwa imemchukua mbali, mwezi baada ya mwezi. Alichokikumbuka Nyenje zaidi si sura yake. Ni mikono: mistari ya viganja imejaa grisi isiyokubali sabuni, inanuka dizeli, inamkuna kichwani taratibu. Zamani mama yake alikuwa akigomba kila siku kwa sababu ya taulo. Sasa taulo za nyumbani zilikuwa safi tupu, na Nyenje hakupenda kuziona.

Jumapili moja Baba alipiga simu. "Mchapaji wangu, wamekupa mashine?"

Ulimi hauna mfupa. "Wamenipa, Baba. Mikono yangu imekuwa kama yako."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Basi nikija tutaiweka pamoja, tuone ya nani imezidi."

Nikija. Neno hilo Nyenje alilishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Lakini akija atakuta nini? Viganja safi kama sahani.

Wiki hiyo walikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha watoto, picha ya kiboko anayepiga miayo. Karatasi ilikuwa nene, ya kuagizwa mbali, na iliyobaki ilitosha kazi hiyo tu. "Hii ikiharibika," alisema Mama Wino, "tutachapa kwenye majani ya mgomba."

Mchana ule mwenye duka la jirani alimwita Mama Wino nje. Jibu alikuwa nyuma anafua matambara. Nyenje akabaki peke yake na kile kipande cha kioo kinachotandaziwa wino, na wino unamng'alia.

Aligusa kwa kidole kimoja. Kisha kiganja kizima. Ulikuwa wa baridi, mzito, unanata kama asali. Alisogeza mkono puani. Haikuwa dizeli, lakini haikuwa mbali nayo, na macho yakamjaa maji bila kutarajia.

Alisikia hatua. Alinyakua tambara lenye mafuta ya kupikia, yale wanayofutia wino, akajifuta harakaharaka. Viganja vilikubali. Dole gumba lilikataa. Weusi ulibaki umezunguka ukucha. Alikuwa na nafasi ya kukimbilia bombani. Hakwenda. Ule weusi aliutaka. Kesho darasani angeukalisha juu ya dawati, wauone.

"Haya, tuendelee," alisema Mama Wino akiingia. Mikono hakuikagua tena. Alishaikagua, na walichapa mpaka giza likaanza kuingia.

Kesho yake Nyenje alimkuta Mama Wino amesimama chini ya kamba za kuanikia. Pembeni mwa kila picha, kwenye sehemu inayotakiwa kubaki nyeupe, palikuwa na alama ya dole gumba. Karatasi ya kwanza, na iliyofuata, na iliyofuata, safu nzima.

"Jibu," aliita Mama Wino. "Nilikwambia nini kuhusu karatasi?"

Jibu alifungua kinywa. Akatazama viganja vyake vyeusi, akakifunga. "Sikumbuki kugusa, Mama. Lakini mikono yenyewe ndiyo hii. Labda ni mimi."

"Labda?"

"Itakuwa ni mimi."

"Vua aproni. Nenda nyumbani, nitaongea na mwalimu wako."

Jibu alitundika aproni msumarini, akapita karibu na Nyenje bila kumtazama. Na Nyenje, yule asiyenyamaza, alikuwa kimya kama ukuta. Akisema, atafukuzwa yeye. Gurudumu ataliona dirishani tu, kama wapita njia. Na Baba, atamwambia nini?

"Wewe kanawe," alisema Mama Wino. "Tuone kama kuna ya kuokoa."

Bombani Nyenje alisugua dole gumba mpaka likawasha. Weusi haukutoka. Alitupa mswaki akakimbia.

Alimkuta Jibu kwenye kona, anapiga teke kifuniko cha chupa.

"Rudi," Nyenje alisema akihema.

"Nirudi wapi? Nimefukuzwa, hukusikia?"

"Si wewe. Ni mimi. Nilishika wino jana."

Jibu alimkazia macho. "Na ukasimama pale unaniangalia?"

"Nilisimama. Unitukane baadaye. Twende bwana, peke yangu nitaogopa."

"Nitakutukana sana," alisema Jibu, lakini aligeuka.

Nyenje aliingia, akaweka dole gumba lake kando ya alama mojawapo. Mama Wino alivaa miwani, akatazama ukucha, akatazama karatasi.

"Kwa nini?"

Nyenje alieleza yote: wenzake shuleni, Baba, uongo wa kwenye simu. Alitegemea makelele. Hayakuja.

"Ulidhani mikono safi ni kazi ya aliyebaki?" alisema Mama Wino. "Mikono michafu nampa yeyote. Akikosea, ubao tunaufuta, tunaanza upya. Karatasi haifutwi hivyo. Karatasi nampa mtu ninayeweza kumpa kisogo bila wasiwasi." Alivua miwani. "Jana nilikupa kisogo."

Afadhali angempiga kofi.

"Na wewe, Jibu. Nimekuonea. Nisamehe, mwanangu. Lakini siku nyingine usibebe kosa usilolijua eti kwa sababu mikono yako ina rangi yake."

"Mimi nilijua tu si mimi," alisema Jibu.

"Ulijua wapi? Umetoka hapa kama kuku aliyenyeshewa."

Hata Nyenje alicheka kidogo, huku anajifuta pua kwa kiwiko.

Wino ulipokauka, Mama Wino alimkalisha Nyenje dirishani, akampa wembe, akamwonyesha jinsi ya kuparua ile alama polepole bila kutoboa, kisha kupasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka palale. Mgongo ulimuuma, shingo ikakakamaa. Karatasi chache zilitoboka, na vitabu vikapungua kwa idadi hiyohiyo. Nyingine zote zilipona. Mwenye kitabu alipokuja kuchukua mzigo wake, alipitisha vidole pembeni mwa kiboko na hakuona kitu.

Siku ya mwisho ya mafunzo, Nyenje alisimama mbele ya mashine. "Mama, naomba nizungushe. Mara moja tu."

"Hapana."

Nyenje aliinamisha kichwa.

"Sikia, mwanangu," alisema Mama Wino. "Mtu akivunja uaminifu, anaujenga kwa kazi ileile aliyoivunjia, si kwa kazi anayoitamani. Kwenye karatasi umeanza kuujenga. Na ukweli uliuleta kwa miguu yako, hukuvutwa sikio. Ndiyo maana mlango wangu haujafungwa. Likizo njoo uniombe tena."

Jumapili simu iliita, na Nyenje aliiwahi kabla ya mama yake.

"Baba, nilikudanganya. Sijawahi kuzungusha mashine. Mimi nashika karatasi. Mikono yangu ni safi."

Upande wa pili ilisikika mitambo, inanguruma mbali.

"Safi kabisa?" aliuliza Baba.

"Kabisa."

"Basi umefanya vizuri kuniambia. Uongo ungenifanya nije kumtafuta mtoto mwingine, wakati wangu ninaye." Akavuta pumzi. "Nikija utanifundisha kunawa. Mama yako alishindwa."

Nyenje aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Usinawe, Baba," alisema. "Njoo nayo hivyohivyo."