Namba Kutoka Mwanandani

Haya sikusimuliwa, yalitokea kwetu, Bondeni. Mume wangu Khubaib hutengeneza vipima betri. Asubuhi ile alikuwa akijaribu kimoja, hakizidi kipande cha biskuti: hulala, kila baada ya saa huamka kidogo, hupima volti za betri yake, hutuma namba kwenye simu, kisha hulala tena. Akajisifu kwamba kwa usingizi ule betri itakaa mwaka mzima. Nikamwambia usingizi huo kimeurithi kwake.

Saa mbili, kaka yangu Ishaq alianguka akinywa chai. Daktari akaja, akampima, akasema amekwisha. Baada ya swala ya adhuhuri akazikwa. Khubaib ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea na kumlaza mwanandani, lile shimo la ndani analolazwa maiti. Aliporudi akagundua kipima hakimo mfukoni mwa kanzu. Alisema bila shaka kimeangukia humo, tukiache. Makaburi yako nyuma ya ukuta wetu tu, ndiyo maana namba ziliendelea kufika. Akaniachia simu, akaenda kukaa na wanaume barazani.

Sikulia. Nilikuwa na ganzi kama ya kung'olewa jino, ila mwili mzima. Nikawa natazama namba kwa sababu hazikunitaka neno.

Saa nane: 2.96. Udongo ni baridi, na betri ikipoa volti hushuka. Hilo nalijua.

Saa tisa: 2.98.

Saa kumi: 3.01.

Betri isiyochajiwa haipandi hivyo. Labda ipate joto. Labda ishikwe mkononi. Hilo pia nalijua.

Nyumba ilijaa wanawake wakisoma Kurani. Mama alikuwa amesinzia ubavuni mwangu, mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikisema, atasikia kwamba mwanawe amezikwa anapumua. Nikinyamaza, na kweli anapumua, nitakuwa nimemuua mimi. Nilijua yote mawili. Nikanyamaza.

Saa kumi na moja: 3.04.

Saa kumi na mbili: 2.99. Inashuka.

Hapo ndipo nilipomwita Khubaib. Alizitazama namba, hakuuliza kwa nini nimechelewa. Akaenda na sheikh na watu wawili wenye majembe.

Alirudi na kitambaa kilichokunjwa. Kanzu yake ilikuwa na udongo hadi magotini.

"Alikuwa hai?" nikanong'ona.

"Amelala vilevile tulivyomlaza. Sanda haikusogea hata kidogo."

"Na kipima?"

"Kilikuwa kiganjani mwake." Akakiweka kitambaa mkekani. "Ndani ya sanda, Lamis. Vidole vimekifumba."

Mama akafumbua macho. Sijui alikuwa amesikia tangu lini.

"Msiogope, wanangu," akasema polepole. "Nalimshika mkono tangu niliposinzia. Ulikuwa baridi, hata ukapata moto. Nimemwachia sasa hivi."

Khubaib alifungua kitambaa. Nikakigeuza kile kipima. Chini kina miguu minane ya chuma, midogo, minne kila upande. Mama akanyoosha mkono wake wa kulia, akaufumbua. Katikati ya kiganja palikuwa na vidoa vyekundu. Vinne, na vinne.

Nilivigusa kimoja kimoja. Ngozi ilikuwa baridi ya udongo. Imepita miezi miwili, tunamkanda kwa maji ya moto kila siku, na mkono ule haujapata joto.