Nywele za Kidoti

Msusi wa mtaa wetu, ambaye kwa wepesi wa mikono watu humwita Dada Vidole, alikuwa na kichwa cha mteja magotini simu ilipolia. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Redio ilikuwa inaongea peke yake, na mteja analalamika kwamba anavutwa mno. Aliyepiga alikuwa mpelelezi wa polisi, naye hakuzungukazunguka.

"Kibali cha mahakama kimetoka. Tunafukua kesho saa tatu. Utakuja?"

"Nitakuja," alisema, akamalizia ule msuko bila kujua mikono yake inafanya nini.

Karatasi hiyo alikuwa ameihangaikia miezi mitatu. Mdogo wake, Kidoti, alikufa ghafla. Mumewe, fundi umeme mwenye maneno laini, alisema mkewe ameteleza bafuni, na kesho yake Kidoti akazikwa, harakaharaka. Lakini aliyemtayarisha marehemu kabla jeneza halijafungwa ni Dada Vidole. Alimfumua nywele zote, akazichana, akaziacha wazi mabegani. Alipozisogeza kando ya shingo akaona alama ya zambarau chini ya taya.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alikwenda kituoni mara tisa, mpaka askari wa mapokezi akawa anamtania kwamba amuwekee kiti chake. Ndugu wakamsihi amwache marehemu apumzike. Yeye aliona kabisa kwamba asiyepumzika ni Kidoti mwenyewe.

Asubuhi ya pili makaburini jua lilikuwa limeshapamba moto. Walikuwepo wachimbaji wawili, mpelelezi, na daktari wa uchunguzi wa maiti, mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira. Pembeni alisimama shemeji yake Dada Vidole, yule fundi umeme, mikono kaibana kwapani. Alikuwa amekonda mpaka shati linamning'inia.

"Shemeji, umepatwa na nini?"

"Silali," alijibu.

Majembe yakaingia kazini. Walipofika usawa wa kifua, yule mchimbaji mkubwa akainua kichwa. "Udongo umeshikana kabisa," alisema. "Haujaguswa tangu tuzike."

Skrubu za jeneza zilikuwa zimeshika kutu. Ya mwisho ilibidi igongwe na nyundo. Daktari akawaambia wote warudi nyuma, kisha kifuniko kikainuliwa.

Harufu ikawapiga. Daktari aliinama, kalamu mkononi.

"Dada," alisema, "njoo umtambue. Usikae sana."

Dada Vidole akaziba pua, akachungulia. Gauni lilikuwa lile lile. Pengo la jino, lile lile. Akataka kusema ndiye. Kisha akaona kichwa.

Nywele zilikuwa zimesukwa.

Mistari sita, imenyooka kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, mtindo ule wa haraka wa wasusi unaoitwa twende kilioni. Imekazwa vizuri. Safi. Mitano ilikuwa imekamilika. Wa sita uliishia katikati, ncha yake imelegea, kama msusi ameitwa ghafla akainuka.

"Nilimwacha wazi," alinong'ona. "Nilimchana mimi."

"Una hakika?"

"Hii ndiyo kazi yangu, daktari."

Mchimbaji mkubwa alikuwa akizitazama zile skrubu kiganjani mwake, moja moja, kisha akaziweka chini na kujifuta mkono kwenye suruali.

Shemeji alikuwa ameshasogea. Hakuna aliyemsikia akija.

"Nilimwambia aache," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani?" mpelelezi akauliza.

"Nikilala tu namsikia. Chanuo linakwaruza. Chini ya kitanda. Ndani ya mto. Nimehama chumba. Nimehama nyumba. Nimemwomba radhi, haachi."

Akakaa kwenye lundo la udongo, akamnyooshea mpelelezi mikono yote miwili kabla hajaambiwa.

"Sikukusudia kumkaba muda wote ule," alisema.

Uchunguzi ulikuta kifupa cha koo kimevunjika. Fundi umeme akawekwa ndani. Kidoti akazikwa upya Ijumaa, na ndugu wale wale waliomkataza Dada Vidole wakaja kumwomba msamaha. Aliwapokea. Wiki nzima iliyofuata alilala usingizi wa pono, akawa anaamka jua limeshapanda, mwili umelegea kama aliyekandwa.

Jumatatu baada ya wiki hiyo, mchana, daktari akapiga simu.

"Dada, zile nywele tulizipeleka maabara. Si zote za marehemu."

"Sijakuelewa."

"Amesukwa kwa kuongezewa. Za kuongezea ni za mwanamke wa damu yake, na mizizi ilikuwa bado mibichi. Ziling'olewa siku chache kabla hatujafukua. Kwenu mna dada mwingine?"

"Hapana," alisema. "Tulikuwa wawili tu."

Simu aliiacha kitini. Saluni ilikuwa na mteja mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuja kupaka mvi zake rangi. Dada Vidole, kama wasusi wengi, kichwa chake mwenyewe hakukijali. Kila asubuhi alikifunga kitambaa, akakisahau. Sasa akakifungua. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akampa mwalimu kioo cha mkono na kumwomba amshikie nyuma.

Mwalimu alikishika.

"Hapa kisogoni pana upara," alisema. "Upana wa vidole vitatu. Pana ngozi laini, kama ya mtoto mchanga. Hapaumi?"

"Hapaumi."

"Na hapa juu yake..." Mwalimu akainama karibu na sikio lake, sauti imeshuka. "Mwanangu, nani kakutenga mistari?"

"Mistari gani?"

"Sita. Imenyooka. Mmoja umeshaanzwa kusukwa."