Swali la Fundi Shaaban

Duka la kuchapa la Stanley, katika soko la Sabasaba mjini Dodoma, lilikuwa limejaa kiasi kwamba aliyetaka kutoka alilazimika kuomba radhi kila hatua. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya ajira serikalini, na vijana wenye bahasha za kaki walibanana mpaka kibarazani, huku upepo wa Julai ukiwarushia vumbi migongoni. Katikati ya msongamano huo alisimama Mwanasha, karani wa taaluma katika chuo kimoja cha afya, aliyekuja kumchapishia mdogo wake barua ya maombi. Alivaa dera la bluu lenye maua meupe, sweta ya kijivu juu yake, na ushungi wa rangi ya damu ya mzee. Zamu yake ilipofika tu, skrini ya kompyuta ikawa nyeusi.

Stanley alilipiga sanduku la kompyuta kofi. Skrini ilibaki vilevile.

"Feni inazunguka, lakini haioneshi kitu," alilalamika. "Hii imekufa."

"Usiipige, kaka," sauti ilisikika nyuma ya Mwanasha. "Nini kimebadilika tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho?"

Aliyesema hivyo alikuwa kijana mrefu, mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na bisibisi ndogo iliyochomekwa mfukoni mahali ambapo wengine huchomeka kalamu. Jina lake Shaaban, fundi wa kompyuta mwenye chumba chake cha kazi Majengo. Yeye mwenyewe alikuja kutoa nakala ya kitambulisho.

"Hakuna kilichobadilika," Stanley alijibu.

"Fikiri vizuri."

"Nimekwambia hakuna! Nimevuta meza kidogo tu, huyu dada apate pa kusimama."

Shaaban aliomba njia, akainama nyuma ya meza, akakaza waya uliolegea. Picha ilirudi. Foleni nzima ilishangilia kana kwamba timu yao imefunga bao.

"Kumbe ufundi wenyewe ni kukaza waya," Mwanasha alisema. "Hata mimi ningeweza."

"Ungeweza, dada yangu. Lakini ungeanza na waya, au na kofi?"

"Na kofi. Tena la fundi, kwa kuninyang'anya nafasi yangu kwenye foleni."

Barua ilipochapwa, walitoka pamoja bila kupanga. Nje, akina mama walikuwa wamepanga zabibu kwenye sinia, na Shaaban aliomba wafungiwe mafungu mawili.

"Unatibu na seva?" Mwanasha aliuliza, akitafuna zabibu. "Ya chuoni kwetu ndiyo yenye matokeo ya wanafunzi wote. Kila alasiri inazima yenyewe. Tukiiwasha, inafanya kazi mpaka kesho yake alasiri, halafu inazima tena."

"Hiyo ni kazi unanipa, au ni sababu ya kuchukua namba yangu?"

"Wewe si fundi? Chunguza."

Uchunguzi ulianza wiki iliyofuata. Shaaban alikuwa na utaratibu mmoja aliofundishwa chuoni na ambao hakuwahi kuukiuka: kuondoa au kubadilisha kitu kimoja tu, kusubiri, kuangalia matokeo, ndipo aguse kingine. Kumbukumbu za seva zilionesha kwamba umeme ulikatika ghafla, basi. Kwa hiyo alifika asubuhi kabla ya vipindi, akabadilisha kifaa kinachoingiza umeme ndani ya seva, akaondoka. Alasiri simu yake iliita.

"Fundi wangu, imezima."

"Vizuri."

"Vizuri vipi? Mkuu wa chuo ananitazama mimi!"

"Sasa tunajua kwamba kifaa nilichobadilisha hakikuwa tatizo. Kesho nabadilisha feni."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa nitatafuta sababu nyingine ya kuja."

Evodia, mhasibu aliyekaa meza ya pili katika ofisi ileile, alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanasha, hiyo seva ikipona mtakutana wapi?"

Walipata pa kukutana. Jumamosi walikula chipsi Nkuhungu, karibu na nyumba aliyopanga Mwanasha. Jumapili walitembea Chang'ombe wakibishana kama mlenda ni mboga au ni adhabu. Shaaban, mzaliwa wa Haneti, aliutetea. Mwanasha, binti wa Kondoa, alimwahidi kwamba atampikia siku moja ili amwone akimaliza sahani. Jioni walipigiana simu ndefu. Mwanasha alimwita "fundi wangu". Shaaban alimwita "nuru", jina alilolitamka taratibu, kama mtu anayeshika kitu kinachoweza kuvunjika.

Mwisho wa Agosti Mwanasha alikwenda kwao Kondoa kusalimia. Aliporudi, alikuwa amebadilika.

Kilichotokea Kondoa kilikuwa hiki. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe wa Chemba alikuwa ametuma wazee kuleta posa. Baba yake Mwanasha hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba wazee hao watarudi Ijumaa kuchukua jibu, na kwamba kama kuna mwingine, basi huyo mwingine naye ana wazee. Mwanasha alilelewa katika nyumba ambayo msichana hamwagizi mwanamume kutuma washenga. Alichoweza kufanya ni kumfungulia mlango, na aliufungua kwa simu, jioni ileile aliyorudi.

"Nyumbani wameniuliza kama nina mtu."

"Ukawajibu nini?" Shaaban aliuliza.

"Niliwaambia nitawajibu."

Shaaban alidhani anaombwa subira. Alitaka kuonesha heshima. "Vizuri," alisema. "Usiwe na haraka, nuru. Chukua muda wako."

"Haya," Mwanasha alisema. "Usiku mwema."

Kuanzia hapo majibu yake yakawa mafupi. "Nipo." "Salama." "Nina kazi." Shaaban aliona wazi kwamba kuna hitilafu, na akafanya alichojua kufanya kila anapoiona hitilafu. Pengine ujumbe wake wa asubuhi unamchosha, akauondoa, akasubiri. Hali haikubadilika. Pengine ni simu za jioni. Akaziondoa nazo, akasubiri. Alikaa chumbani kwake Majengo akiitazama simu kwa utulivu wa mtu anayefanya kazi yake ipasavyo, wakati Nkuhungu msichana aliyempenda alikuwa amelala na simu kifuani, akiusikiliza ukimya huo na kuuelewa kuwa ndilo jibu lake.

Siku ya Alhamisi Shaaban alikwenda chuoni kubadilisha kitu cha mwisho kilichobaki, yaani betri ya UPS, lile sanduku linaloshikilia seva umeme ukikatika. Kwa mara ya kwanza alichelewa, akafika alasiri. Meza ya Mwanasha ilikuwa tupu. Alipiga magoti nyuma ya kabati la seva kutafuta swichi, na hapo mlango ukafunguliwa.

Evodia aliingia na birika la umeme. Bila kumwona fundi, alichomoa plagi ya UPS ukutani, akachomeka birika lake, akaanza kuimba wimbo wa kwaya. UPS ililia, tii, tii, tii. Taa za seva ziliendelea kuwaka kwa nguvu ya ile betri iliyochoka. Kisha zikazima zote.

"Evodia," Shaaban alisema.

"Mama yangu!" Birika nusura limponyoke. "Unajificha huko unafanya nini?"

"Unafanya hivi kila siku?"

"Si kila siku. Siku za kazi tu. Soketi ya jikoni iliungua, na mkuu hataki birika ofisini. Nachemsha, nakwenda kunywa na kuosha vikombe, narudi narudishia. Mbona nikichomoa taa zinabaki zinawaka?"

"Zinabaki kwa muda. Wewe ukiwa kwenye vikombe, zinazima. Mama, nimebadilisha nusu ya mashine hii! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Evodia alishika kiuno. "Pale sokoni, Mwanasha alinisimulia, ulimuuliza mwenye duka nini kimebadilika. Hapa umefika, unatusalimia vizuri, kisha unakwenda kuiuliza mashine. Na mwenzako umemfanya hivyohivyo."

"Mwenzangu nani?"

"Ana ruhusa leo, anafunga mizigo. Kesho asubuhi anapanda basi la Kondoa kumwambia baba yake akubali posa ya Chemba. Hukujua?" Evodia alimtazama usoni na sauti yake ikashuka. "Eh. Kweli hukujua."

Birika lilichemka na kujizima lenyewe. Shaaban alikuwa ameshatoka nje, simu sikioni.

Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena.

"Haloo."

"Mwanasha."

"Nani mwenzangu?"

"Umefuta namba yangu?"

"Sijaifuta. Sauti ndiyo nimeisahau."

"Niliacha kupiga kwa makusudi," Shaaban alisema, na papo hapo akajua ameanza vibaya. "Nisikilize kwanza. Niliona umepoa. Nikasema niondoe ujumbe, nione. Nikaondoa simu, nione."

"Uone nini?"

"Kama ndizo tatizo."

Mwanasha alikaa kitandani, kanga aliyokuwa akiikunja ikimdondoka mkononi. "Shaaban, mimi ni seva?"

"Hapana."

"Ulikuwa unanifungua skrubu moja moja unasubiri nizime?"

"Nilikosea. Nisamehe." Alivuta pumzi. Upepo ulivuma ndani ya simu. "Nakuuliza sasa, nilivyopaswa kukuuliza siku ile. Nini kimebadilika tangu uliporudi Kondoa?"

Mwanasha akamweleza yote: wazee wa Chemba, Ijumaa, maneno ya baba. Alieleza kwa sauti kavu, na mwishoni tu ndipo ilipomtoka hasira. "Nilikwambia wameniuliza kama nina mtu. Ukaniambia nichukue muda wangu. Muda wenyewe ndio huu, umekwisha."

"Basi lenu linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"La rangi gani?"

"Shaaban, washenga hawaokotwi njiani."

"La rangi gani, nuru?"

"Kijani," alisema, akakata simu.

Asubuhi ile ya Ijumaa Mwanasha alikaa dirishani, amevaa baibui jeusi na ule ushungi wa siku ile ya soko la Sabasaba. Alijiambia kwamba ameuvaa kwa sababu ya baridi. Basi liliacha mji na mashamba ya zabibu, likashika nyanda kavu za kaskazini. Kila kituo alitazama barabarani, kisha akajilaumu. Mbele ilikuwa Haneti, na baada ya Haneti ni Chemba, na yeye hakutaka kufika Chemba na moyo huu mtupu.

Pale Haneti basi lilisimama. Wazee wawili wenye kanzu nyeupe na koti juu yake walipanda polepole, mmoja akiegemea fimbo. Alipita akichungulia kila kiti hadi alipouona ushungi.

"Rangi ya damu ya mzee," alisema kwa kuridhika. "Ndiyo hii."

"Shikamoo, baba," Mwanasha alisema, akisimama haraka kumpisha.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Mimi ni baba mdogo wa mtu fulani. Amenipigia simu jana, nikadhani kuna msiba jinsi alivyokuwa anahema." Alikaa, akaweka fimbo kati ya magoti. "Kwenu mtatupa chai, au tutarudi na njaa?"

"Chai ipo, baba," Mwanasha alisema, na akageukia dirisha ili mzee asimwone akitabasamu.

Alasiri ya siku hiyo Shaaban alikuwa chuoni, akimfungia Evodia soketi mpya ya jikoni. Seva ilikuwa ikiwaka. Simu ilipoita aliangusha bisibisi.

"Fundi wangu."

"Nambie."

"Baba amewapokea. Alimuuliza baba yako mdogo kwa nini umechelewa. Akamjibu kwamba ulikuwa ukifanya majaribio. Baba amecheka mpaka mama akatoka jikoni. Wazee wa Chemba wamefika baada ya swala, wameambiwa kwa heshima kwamba wamewahiwa."

Shaaban alikaa sakafuni, mgongo ukutani. "Alhamdulillahi. Kwa hiyo imekwisha?"

"Haijakwisha. Baba ameulizwa, mama ameulizwa, hata mjomba ameitwa toka shambani akaulizwa. Mtu mmoja hajaulizwa na yeyote."

Shaaban alimwelewa. Evodia, aliyekuwa akisubiri na birika mkononi, aliona fundi akinyoosha kola ya shati kana kwamba anayezungumza naye yuko mbele yake.

"Mwanasha," alisema, "utakubali nikuoe?"

"Ndiyo," Mwanasha alisema. "Umeona ilivyo rahisi?"