Mpira Uliofungwa kwa Selotepu

Nyumbani kwetu kila mtu ana kazi yake ya asubuhi. Mama ni mkunga, kwa hiyo hukagua mkoba wake wa kazini asije akafika zahanati bila miwani. Mimi nafuta vioo vya gari kwa kitambaa kibichi huku nikimsimulia ndoto zangu zote. Ndiyo maana akanipa jina la Cherehani, maana anasema mdomo wangu ukishaanza hausimami mpaka uzi uishe. Lakini wiki ile cherehani ilinyamaza, na Mama hakugundua kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye gari.

Gari letu ni kuukuu, ila halikuwa na makuu. Jumatatu asubuhi liliwaka, likatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha likazima. Mama alipoliwasha tena lilikohoa na kutikisika mpaka kioo cha pembeni kikacheza. Tulipofika njia kuu injini ilikuwa imeshapata joto, na gari likatulia kabisa. Jumanne mambo yakawa yale yale. Jumatano lilizima mara tatu, na Mama akafika kazini amechelewa huku wajawazito wakimsubiri kwenye benchi.

Mama alimshuku fundi wa mtaani kwetu, aliyelibadilishia plagi Jumamosi iliyopita. Fundi huyo hana hata kibao cha tangazo. Wateja humjia kwa kuambiana tu, na nusu ya wafanyakazi wa zahanati walimjua kupitia kwa Mama. Mara mbili Mama alimpelekea gari jioni, na mara zote mbili lilifika likiunguruma vizuri, fundi akafunua boneti asione kitu. Siku ya pili Mama alirudi amefura. Alisema subira imemwisha, na Ijumaa angewaambia wenzake wote wasimpelekee tena magari yao.

Mimi nilikuwa najua kilichotokea.

Jumapili tuliporudi matembezini, mtoto wa paka wa jirani alipenya chini ya boneti kufuata joto, akawa analia. Nilikatazwa kabisa kufungua boneti, lakini Mama alikuwa ndani, nikafungua. Nilipojinyoosha kumfikia paka, kiwiko changu kiliegemea kimpira cha hewa chembamba kama kidole gumba, kilichofichika nyuma ya injini, nikasikia kikipasuka. Nilikizungushia selotepu ninayofungia majalada ya madaftari, ile yenye nyota za buluu, nikafunika boneti. Paka alikwenda zake bila hata asante. Mimi nikabaki na siri, na kila siku ilivyopita ilizidi kuwa nzito.

Alhamisi jioni fundi alikuja nyumbani kwa miguu. Alimwomba Mama jambo moja tu, kwamba gari lilale pale lilipo na mtu yeyote asiliwashe mpaka yeye afike asubuhi. Alieleza kuwa gari likiendeshwa mpaka gereji hufika limeshapata joto, sawa na mgonjwa anayefika hospitali homa ikiwa imeshuka.

"Kesho tu, fundi," Mama alimjibu. "Usipoona kitu, tusilaumiane."

Ijumaa fundi alifika mapema. Kwanza aliweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha injini ni baridi, kisha akamwomba Mama awashe. Gari likaanza kutetemeka. Fundi hakushika bisibisi wala spana. Aliinama, akatega sikio, na mahali fulani kukasikika mlio mwembamba wa upepo, sss. Alipapasa mipira mmoja mmoja mpaka akaufikia mmoja na kuubana kwa vidole. Injini ikatulia. Akaachia, ikatetemeka. Akabana tena, ikatulia.

Alipotoa mkono, kipande cha selotepu kilikuwa kimemnata kidoleni. Alizitazama zile nyota za buluu, akalitazama daftari nililokuwa nimelikumbatia, kisha akainamia tena injini.

Mama alizima gari, akashuka na kuuliza kuna nini. Fundi alimwambia kuwa mpira umepasuka, kwa hiyo injini inavuta upepo isiouhitaji. Ukiwa wa baridi hukakamaa na ufa unafunguka. Ukipata joto unalainika, ufa unajibana.

"Kwa hiyo uliupasua Jumamosi," Mama alisema.

Fundi alifuta mikono taratibu. Angeweza kujitetea kwa neno moja tu, lakini hakulisema. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikapiga moyo konde.

"Mama, ni mimi," nilisema. Nikamweleza yote, paka, kiwiko na selotepu, huku machozi yakinitoka.

Mama alimgeukia fundi kwanza, wala si mimi. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa naelekea kukupaka matope mbele ya watu."

Fundi alisema yamekwisha. Alikata kipande cha mpira mpya, akakichomeka na kukikaza kwa vibano viwili. Kazi nzima haikuzidi dakika kumi. Kisha akaniita karibu.

"Cherehani, kupasua mpira ni bahati mbaya, hata mimi nimepasua mingi. Ungesema Jumapili, tungetengeneza tukasahau. Ulipoficha, Mama yako alichelewa kwa wagonjwa, na mimi nikakaribia kupoteza jina. Siku nyingine ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo."

Mama alikubali kwa kichwa. Akaniambia adhabu yangu itakuwa kufika zahanati baada ya masomo na kuwaeleza wenzake, kwa mdomo wangu mwenyewe, fundi wetu ni mtu wa namna gani. Nilikwenda, nikaeleza.

Jumamosi asubuhi gari liliwaka mara moja na kutulia, kioo cha pembeni hakikutikisika hata kidogo. Mama alinitazama nikifuta vioo, akauliza mbona leo simsimulii ndoto. Nilimwambia ukweli, kwamba sikuota kitu. Kwa mara ya kwanza wiki ile, nilikuwa nimelala fofofo.